Mwenye Pumzi Fupi Asiachwe Peke Yake

Katika mazungumzo haya twataka kuwaelekeza macho kwa mgonjwa ambaye twampita kila siku bila kumwona. Si mgonjwa wa homa, ambaye baada ya juma moja huinuka akaenda shambani. Ni yule ambaye mapafu yake yamechoka, wala hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa.

Twendeni kwa mawazo mpaka Kibuyuni, katika Kaunti ya Kwale, karibu na Shimoni. Ni kijiji cha pwani. Wanaume wengi ni wavuvi, na akina mama wengi hulima mwani baharini. Maji yakitoka wakati wa bamvua utawaona wameinama kwenye kamba zao, wengine wakifunga mbegu, wengine wakivuna, kisha wakiubeba mwani mpaka nchi kavu ili wauanike. Na katika pwani hiyo wako pia wale tuwaitao mama karanga, wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga katika karai juu ya moto wa kuni, wakawauza. Kazi hizi zimelipa karo za watoto wengi.

Sasa mfikirieni mama mmoja wa huko. Hatumtaji kwa jina, kwa kuwa yeye si mmoja, ni wengi. Amekaanga samaki miaka thelathini. Amepika kwa mafiga tangu alipokuwa msichana mdogo. Zamani aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka mwisho, akapona. Lakini kikohozi hakikumwacha. Kwanza alishindwa kubeba gunia la mwani mbichi. Kisha akashindwa kwenda dukani pasipo kupumzika mara tatu njiani. Sasa hata kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari. Usiku huketi ameegemea ukuta, maana akilala chali huona kama jiwe limewekwa juu ya kifua chake. Jumapili haji tena ibadani. Watu husema, "Mama yule siku hizi amepoa." Wala hakuna aendaye kuuliza.

Siku moja mzee wa kanisa apiga hodi.

"Hodi, mama! Bwana asifiwe."

"Asifiwe milele. Karibu, mzee. Kaa hapo penye kigoda."

"Mama, twakukosa kanisani. Je, tumekukosea?"

Mama anyamaza kidogo, avute pumzi, kisha ajibu: "La, mzee. Nikikohoa, watu wote hugeuka."

Wapenzi wasikilizaji, jibu hilo ni fupi, lakini limebeba mambo mengi. Mama huyu ana magonjwa mawili. La kwanza liko kifuani, na daktari alijua. La pili liko moyoni, nalo halina aliulizaye. Leo twazungumza juu ya hilo la pili. Lakini ili tulifahamu, hatuna budi kulitazama kwanza lile la kwanza.

UGONJWA WA KIFUANI

Mapafu ni mfano wa mti uliopinduliwa. Shina ni koo la hewa. Shina hugawanyika kuwa matawi, na matawi kuwa vitawi vyembamba, na kwenye ncha za vitawi viko vifuko vidogo sana ambamo hewa safi huingia katika damu. Moshi ukiingia mwaka baada ya mwaka, vitawi huvimba kwa ndani na kujaa makohozi, njia ikawa nyembamba. Vifuko navyo hulegea, kama mpira uliovutwa mno usioweza kujirudi.

Matokeo yake ni haya: mtu aweza kuvuta hewa ndani, lakini kuitoa yote ndiyo taabu. Hewa iliyokwisha kutumika hubaki mapafuni, nayo hewa mpya haina pa kukaa. Mgonjwa hulia kwamba hana hewa, na kumbe kifua chake kimejaa hewa. Jambo hili tulishike, kwa maana litatusaidia mbele.

Chanzo si kimoja. Tumbaku ni adui mkubwa. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha ni adui mwingine. Kifua kikuu kilichopona chaweza kuacha makovu katika mapafu. Pumu isiyotibiwa vema kwa miaka mingi, na vumbi la kazini, navyo vyaweza kuleta madhara. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne katika mambo yanayoua watu wengi zaidi duniani. Na msidhani kwamba ni ugonjwa wa wazee wavuta sigara wa Ulaya tu. Katika Wilaya ya Masindi, Uganda, wataalamu waliwapima watu wazima wa vijijini waliozidi umri wa miaka thelathini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: katika kila watu 100, watu 16 walikuwa nao. Wanawake walikuwa nao sawa na wanaume, wala hawakuwa nyuma. Karibu wote walikuwa wakiishi katika moshi wa kuni.

Kweli, dawa zipo. Ziko dawa za kuvuta kwa mdomo, zile ziitwazo inhela, zinazolegeza na kupanua njia za hewa. Mwenye kuacha tumbaku hufaidika hata akiwa amechelewa. Mwenye kutoa jiko nje penye upepo huyapunguzia mapafu mzigo. Lakini kilichoharibika hakirudi. Mgonjwa huyu atakaa na ugonjwa wake miaka kumi, pengine ishirini. Ndipo twauliza: katika miaka hiyo yote, ni nani atakayeuangalia moyo wake?

HOFU INAVYOKULA PUMZI

Ndugu msikilizaji, je, umewahi kuzama baharini, hata kwa dakika moja? Basi wajua hofu ya kukosa pumzi. Haifanani na hofu nyingine yo yote. Mwili wote hupiga kelele. Sasa mfikiri mtu anayepatwa na hofu hiyo akiwa nchi kavu, kitandani kwake, saa nane za usiku, watu wote wamelala.

Hapo ndipo tunapolikumbuka lile la hewa iliyobaki kifuani. Mtu akiogopa, huhema haraka haraka. Akihema haraka, hana nafasi ya kutoa hewa yote kabla ya kuvuta nyingine. Kila pumzi huacha hewa kidogo ndani, kifua kikazidi kujaa, pumzi ikazidi kuwa fupi. Naye akiona pumzi imezidi kuwa fupi, huogopa zaidi. Hofu huzaa kuhema, na kuhema huzaa hofu. Ni duara lisilo na mlango, mpaka mtu mwingine aje kulivunja.

Duara la pili ni la kukaa. Mgonjwa huona kwamba akitembea hukosa pumzi, basi huacha kutembea. Asipotembea, misuli ya miguu hulegea. Misuli iliyolegea hutaka hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Kesho akitembea, huchoka mapema kuliko jana. Basi hukaa zaidi. Mwisho ulimwengu wake wote ni kitanda na mlango.

Duara la tatu ni la aibu. Kikohozi chake huwatisha watu, kwa sababu wanakumbuka kifua kikuu. Yeye naye hujitenga ili asiwatishe. Akijitenga, hakuna wa kumwambia neno jema, na mawazo yake humgeuka. Hujiona ni mzigo kwa watoto. Hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, huacha hata kuvuta dawa yake, maana ajiuliza, ya nini? Huo ndio unyogovu, huzuni nzito isiyoondoka. Madaktari wa nchi nyingi wameona ya kuwa hofu na unyogovu huwapata wagonjwa wa mapafu mara nyingi kuliko watu wengine, na ya kwamba mgonjwa aliyevunjika moyo huzidiwa upesi na hulazwa hospitali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kuutunza moyo wake ni sehemu ya tiba yenyewe.

Je, hofu hiyo ni upungufu wa imani? La hasha! Someni habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii yule aliyesimama mbele ya mfalme bila kutetemeka alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Naye Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Maneno yalikuja baadaye, tena kwa sauti ndogo. Hapo twajifunza utaratibu wa kumhudumia mtu aliyechoka: kwanza kuguswa, na chakula, na usingizi, mafundisho baadaye.

MAKOSA YETU TUENDAPO KUZURU

Sasa tuseme kweli juu yetu wenyewe. Sisi tunaosema nanyi leo tumeyafanya makosa haya, wala hatuwanyoshei wengine kidole.

Kosa la kwanza ni kusema sana. Twaingia watu kumi katika chumba kidogo, twaimba, twahubiri, kila mmoja aomba kwa zamu, na mgonjwa anataka dirisha lifunguliwe lakini hana pumzi ya kulisema. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi chini pamoja naye wakanyamaza. Walipoanza kufunua vinywa ndipo walipomwumiza.

Kosa la pili ni kuhukumu. "Si alikuwa mvuta sigara huyu? Amejitakia mwenyewe." Ndugu, yeye alikwisha kujiambia hayo mara elfu usiku. Hukumu yako haimwongezei pumzi. Na yule mama karanga, je, alijitakia nini? Alikuwa akitafuta karo ya mtoto.

Kosa la tatu ni kumkimbia. Tulisikie vizuri hili. Ugonjwa huu sugu wa mapafu hauambukizi. Makovu ya kifua kikuu kilichopona hayaambukizi. Hata kifua kikuu chenyewe hakipiti katika kikombe wala sahani. Bali mtu ye yote mwenye kikohozi kilichozidi majuma mawili na aende apimwe. Katika vituo vya serikali ya Kenya kupimwa na kutibiwa kifua kikuu ni bure. Akiisha kupimwa na kuonekana hana, kisiwepo kisingizio tena cha kukaa mbali naye.

Kosa la nne ni la hatari kuliko yote: kumwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Wako waliotupa inhela zao baada ya maombi, wakachukuliwa hoi kabla ya juma kwisha. Maombi na dawa havigombani. Atakayemwambia mgonjwa aache dawa yake na ajiulize kama yuko tayari kukaa naye saa nane za usiku pumzi inapokatika.

Kosa la tano hufanywa kwa upendo. Twamnyang'anya mgonjwa kazi zote. "Kaa, mama, usifanye neno." Kesho yake akiinuka kuchambua mchele, twamkalisha tena. Tunadhani tumempumzisha, na kumbe tumemwambia kwamba hatumhitaji.

TUFANYE NINI BASI?

Twende kwa utaratibu, jambo moja moja.

Kwanza, tumtembelee wawili wawili, tena mara kwa mara. Robo saa kila Jumatano ni bora kuliko kundi kubwa mara moja kwa mwaka. Tuketi mahali anapotuona. Tumwulize maswali yasiyohitaji jibu refu, tena tumpe nafasi ya kumeza pumzi kabla ya kujibu, tusimmalizie maneno yake. Tumwulize, "Usiku wako ulikuwaje?" Tumwulize, "Ni jambo gani linalokutisha zaidi?" Wengi hawajapata kuulizwa swali hilo, hata hospitalini. Akitaka kulia, na alie. Tusikimbilie kumnyamazisha.

Pili, tujifunze kulivunja lile duara la hofu. Mgonjwa akishikwa na pumzi, sisi ndio wa kutulia kwanza, maana hofu huhama kutoka uso hata uso. Mketishe. Ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, au aegemee meza, mabega yakilegea. Usimwambie, "Vuta, vuta!" Mwambie, "Toa." Avute hewa taratibu kwa pua, mkihesabu moja, mbili. Kisha akunje midomo kama mtu anayepoza uji wa moto, apulize polepole mkihesabu moja mpaka nne. Kupuliza hivyo huzizuia njia za hewa zisijifunge mapema, na ile hewa iliyokwama hupata kutoka. Hesabu pamoja naye, pumua pamoja naye. Na ajizoeze hayo wakati ni mzima, mara mbili kwa siku, ili siku ya taabu asiwe mgeni wa jambo hilo. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta kwa wakati kama huo, iwe mahali panapojulikana na watu wote wa nyumba, hata watoto.

Tatu, kiko kipepeo. Twasema juu ya kile kipepeo cha kusuka tunachopepea jiko. Upepo ukipita usoni, hasa mashavuni na puani, huipoza ngozi, na habari hiyo ikifika katika ubongo huipunguza ile hisia ya kukosa pumzi. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 50. Waliwapa feni ndogo ya mkononi kwa dakika tano, mara moja wakiielekeza usoni, mara nyingine mguuni. Ya usoni iliwapa nafuu. Basi chombo kile kile kilichochochea moto miaka mingi chaweza sasa kumtuliza mwenye kifua. Lakini mgonjwa asijipepee mwenyewe kwa nguvu, maana atachoka. Mjukuu ampepee. Mgeni ampepee. Hapo hata asiyejua kuhubiri amepata huduma ya kufanya.

Nne, tumtembeze. Daktari akikubali, mgonjwa atembee kidogo kila siku: leo mpaka kwenye mnazi wa kwanza, juma lijalo mpaka wa pili. Atembee na mwenzake, nao wasimame kila anapotaka. Katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, waliwafundisha hivyo watu waliopona kifua kikuu wakabaki na pumzi fupi. Kwa majuma sita walikutana wakafanya mazoezi ya mwili na kufundishwa juu ya ugonjwa wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliweza kutembea zaidi, na pumzi haikuwasumbua kama kwanza. Angalieni kwamba mapafu yao hayakubadilishwa. Kilichobadilika ni misuli, na maarifa, na ujasiri. Na faida nyingine ni kwamba walionana wao kwa wao. Mtu akimwona mwenzake mwenye shida ile ile akicheka, hujua kwamba hayuko peke yake.

Tano, tumrudishie kazi inayolingana na nguvu zake. Asiyeweza kubeba gunia la mwani aweza kukaa kivulini akafunga mbegu kwenye kamba. Asiyeweza kusimama mbele ya karai penye moshi aweza kutunza daftari la chama au kuwahesabu samaki. Mzee asiyeweza kuvua aweza kumfundisha kijana kushona nyavu. Kanisani naye asiachwe. Awekewe kiti karibu na dirisha au mlango, aketi wengine wasimamapo, na akikohoa pasiwe na kichwa kinachogeuka. Jambo hilo la mwisho halina gharama. Lahitaji tu mchungaji aliseme mara moja wazi mbele ya watu.

Sita, tumjue anayehitaji msaada kupita uwezo wetu. Mtu akikaa majuma mawili na zaidi katika huzuni, halali, hali, hapendi tena alichokipenda, na apelekwe kwa daktari kama tungempeleka mwenye kidonda. Akisema kwamba afadhali afe, tusilichukue kuwa ni maneno tu. Tumwulize waziwazi, tusimwache peke yake, tumpeleke hospitali. Vilevile ziko dalili za mwili zisizongoja kesho: midomo au kucha kuwa na rangi ya buluu, kushindwa kumaliza sentensi moja, kuchanganyikiwa, kukohoa damu. Homa pamoja na makohozi yaliyobadilika rangi nayo yataka daktari upesi. Watu wa Kibuyuni na vijiji vya jirani wanayo hospitali ya rufaa ya kaunti huko Msambweni. Yafaa jumuiya ya waumini ijue mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku, na nauli itatoka mfuko gani. Mgonjwa akijua kwamba mpango huo upo, hata kabla haujatumika, usingizi wake hurudi.

JE, SISI SI WAGANGA?

Huenda mtu akasema, "Mambo ya moyo na mawazo ni ya wataalamu. Sisi wakulima na wavuvi tutaweza wapi?" Tutawajibu kwa habari za Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari Dixon Chibanda aliona kwamba wagonjwa wa huzuni ni wengi na madaktari wa akili ni wachache mno. Akawafundisha akina nyanya 14 wa mtaa ule namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu atafute njia katika matatizo yake, moja baada ya jingine. Hawakupewa ofisi. Walipewa benchi la mbao chini ya mti, karibu na zahanati. Mwaka 2016 uchunguzi wa watu 573 ulichapishwa, nao ulionyesha kwamba waliosaidiwa benchini walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Tangu hapo kazi hiyo imeenea mpaka Malawi na Zanzibar.

Basi, ikiwa akina nyanya wa Mbare waliweza, akina mama wa kanisa watashindwaje? Na nyumba gani katika pwani yetu haina benchi, au baraza, au mkeka chini ya mwembe? Wala huduma hii isiwe ya Wakristo kwa Wakristo tu. Huko Kibuyuni jirani zetu wengi ni Waislamu, nao wanajua tangu zamani kwamba kumzuru mgonjwa ni wajibu. Pumzi haina dhehebu. Mkiwakuta wamekwisha kutangulia kitandani pa mgonjwa, kaeni pamoja nao.

Tena tusimsahau anayemtunza mgonjwa. Yuko binti ambaye hajalala usiku mzima tangu mwezi uliopita, kwa maana kila kikohozi humwamsha. Yeye hatalalamika, kwa sababu ni mama yake. Mmoja wetu na aende Jumamosi amwambie, "Mwanangu, nenda ukalale, au nenda kwa rafiki zako. Leo nitakaa mimi na mama." Saa nne tu za kupumzishwa zaweza kumzuia binti huyo asiwe mgonjwa wa pili katika nyumba hiyo.

TUREJEE KIBUYUNI

Tulimwacha mzee wa kanisa juu ya kigoda. Alikuwa ameandaa mahubiri njiani, naye aliposikia jibu la mama yule aliyasahau yote. Tungependa atufundishe afanyavyo sasa. Aona kipepeo kimetundikwa ukutani, akitwae, aanze kupepea polepole. Hapana anayesema neno kwa muda. Halafu mama asema, mwenyewe, bila kuulizwa: "Usiku ndio mbaya, mzee. Naogopa nitakufa na hapana atakayejua mpaka asubuhi."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo alikuwa nayo kifuani mwaka mzima. Yalikuwa mazito kuliko jiwe lile. Hakuyatoa kwa sababu hakuna aliyekaa muda wa kutosha.

Basi juma hili twawapa kazi moja. Katika usharika wako, katika kijiji chako, yuko mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya kifua. Mtafute kwa jina. Nenda pamoja na mwenzako, ukae robo saa, ufungue dirisha, usikilize. Usiondoke kabla hujamwambia siku utakayorudi, nawe siku hiyo urudi kweli. Mgonjwa aliyeahidiwa akaachwa huumia kuliko yule asiyeahidiwa kitu.

Na wewe mgonjwa unayetusikiliza ukiwa umeegemea ukuta wako: hofu yako si dhambi, wala wewe si mzigo. Toa hewa polepole, kama unayepoza uji. Kisha mwambie mtu mmoja jinsi usiku wako ulivyo. Mungu aliyemlisha Eliya chini ya mti hakuhesabu machozi yake kuwa kosa, wala yako hatayahesabu.

Twamwomba Bwana awape usingizi wasiolala, na atupe sisi miguu ya kwenda tunakohitajiwa. Hadi tutakapokutana tena katika mazungumzo haya, kwaherini.